Bastola ndogo ya Bwera, herufi F na S, na kidole changu cha kushoto

Wakuu, mliozidi umri wangu shikamooni, ingawa humu ndani sidhani kama mpo. Wengine wote hamjambo.

Mimi ni msomaji wa kimya. Nasoma, nacheka, nalala. Ila juzi kuna kijana alianzisha uzi anauliza bastola ndogo nzuri ya kuweka dukani ni ipi, na watu wakamiminika kumjibu kana kwamba wote wamezaliwa ghala la silaha. Hakuna hata mmoja aliyeandika "sijui". Nikasema basi, ngoja na mzee nitoe langu.

Ninayosimulia ni kweli tupu. Asiyeamini ninao ushahidi, isipokuwa ushahidi wenyewe ni kitu ambacho hakipo: ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Uzi huu unaandikwa kwa vidole tisa na nusu, mkiona herufi imeruka mnivumilie.

Kazi yangu ni fundi saa. Kwa fundi saa, kidole hicho na gumba lake ndiyo meza ya kazi. Mkono wa kulia unashika kibano na bisibisi, wa kushoto unashika saa. Kikiondoka hicho, umebaki na vyombo bila meza. Naomba mlishike hilo kabla hatujasonga.

Nilizaliwa kambi ya polisi. Mzee wangu alikuwa sajenti, Msamia wa Busia upande wa Uganda, akahamishwa na serikali mpaka tukajikuta Kasese, magharibi kabisa, mlima upande mmoja na Kongo upande wa pili. Sasa naishi Mwanza, ndiyo maana Kiswahili changu mnakielewa. Cha zamani mngekikimbia.

Miaka ya sitini ikielekea mwisho nilikuwa na kibanda changu mjini Kasese. Wateja wengi walikuwa wachimbaji waliokuwa wakishuka kutoka Kilembe kwenye mgodi wa shaba. Saa zao zilikuwa na maradhi mawili tu, maji na vumbi. Unafungua mfuniko, unakuta tope la kijani limekaa humo kama limepanga chumba.

Siku moja nikakuta bati la paa limeng'olewa na saa za wateja hazipo. Zilikuwa saba. Kwa miezi kadhaa nilitazamwa kama mwizi wa saa nilizokuwa nimepewa nitengeneze. Hapo ndipo nilipoanza kuwaambia watu kwamba nahitaji bastola.

Hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia watu. Sababu ya kweli nitaisema, nina umri wa kutoona aibu: niliiona, nikaipenda.

Niliiona Bwera, mpakani na Kongo, siku ya soko. Nilikuwa na kawaida ya kwenda kule kutafuta saa za ukutani mbovu, maana Wakongo walivuka na kila kitu. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Butembo, Papa Paluku. Mkatoliki wa kweli, rozari shingoni, anauza vitenge, minyororo ya baiskeli na visanamu vya Bikira Maria, vyote kwenye turubai moja.

Akaniita. "Fundi, kuya uone kitu. Iko sawa na saa yako, lakini hii inasema mara moja tu."

Akafungua kopo la maziwa ya unga. Ndani kitambaa, ndani ya kitambaa bastola inayotoshea kiganjani, ya kuweka mfuko wa koti. Nyeusi, rangi imechubuka pembeni kwa kuingizwa na kutolewa mfukoni miaka mingi.

"Iko ya ba-Belge," akasema, yaani Wabelgiji. "Balienda, bakaacha. Serikali ikauzisha yenye ilibakia. Papier iko, na kashe iko."

Kweli karatasi ilikuwepo, na mhuri ulikuwepo. Mali ya ziada ya ofisi fulani, imeuzwa kwa mafungu pamoja na viti na mataipureta. Mkuu mmoja atauliza kama karatasi ile ilikuwa halali. Ilikuwa ya Kifaransa, hilo tu ndilo ninaloweza kuapa.

Nikatoa lenzi yangu ya jichoni nikaiangalia kama ninavyoangalia saa. Vichwa vya skrubu havikuwa vimetafunwa. Vipande vilikutana bila mwanga kupita katikati. Aliyeitengeneza alikuwa fundi, na mimi fundi mwenzangu nikimwona hata kwa kazi ya mikono yake naheshimu.

Ubavuni kulikuwa na kijiti kidogo cha kupandisha na kushusha. Kikiwa juu kinaelekea herufi S. Kikiwa chini kinaelekea F. Baada ya kila herufi niliona kivuli cha herufi nyingine zilizolika, gumba la mtu limezifuta kwa miaka.

Nikauliza hizo ni nini.

"Hapa iko sir, hapa iko fe," Papa Paluku akasema haraka, huku akimpimia mama mmoja kitenge. "Fe, ndugu! Uko naelewa, si ndiyo?"

"Ndiyo, ndiyo, Papa. Naelewa."

Wakuu, sikuelewa hata chembe. Nilidhani Fe ni jina la kiwanda. Lakini pale palikuwa na watu, na watu wale walijua mimi ndiye ninayefungua saa na kuifunga ikatembea. Mtu kama huyo hapaswi kuonekana hajui. Kuuliza si ujinga, tunaimba kila siku, ila kuuliza mara ya pili ndiko kunakotushinda.

Sikutoa hela. Nilimpa saa mbili za mkono nilizozifufua mwenyewe, moja ikiwa na dirisha la tarehe, na alilipenda dirisha hilo kuliko saa yenyewe. Akanipa bastola na risasi zake sita ndani ya kopo lile lile la maziwa.

Nilirudi Kasese nimekaa juu ya marobota ya pamba kwenye lori, kopo mapajani, nikiwaza zile herufi.

Hapa nisimame kidogo kwa wasiojua saa. Ukifungua saa nyingi za zamani, utakuta kijiti kidogo juu ya gurudumu la balansi, na pembeni yake F na S. Kisukume kuelekea F, saa inakimbia. Kisukume kuelekea S, inapunguza mwendo. Fast na slow. Kila fundi saa anaijua hiyo kabla hajajua kunyoa ndevu.

Nikajiambia: F kitu kinakimbia, S kitu kinatulia. Kwa hiyo F ni ya kupiga na S ni ya kupumzika. Nilifika Kasese nikiwa na hakika hiyo. Shikeni na hilo pia.

Kibali sikuhangaika nacho sana. Nilikwenda Fort Portal, jina la mzee wangu likanifungulia mlango, nikaandikiwa cheti. Ofisa aliyegonga mhuri alinipa sharti moja la mdomo: "Tafuta mtu anayejua akufundishe, usije ukajiua."

Na mtu anayejua nilikuwa naye.

Koplo Odong alikuwa Mwacholi, mrefu, mpole, meno ya mbele yamepishana. Aliletwa na kikosi kidogo cha jeshi kilichopelekwa kwetu kwa sababu ya vurugu za milimani, na kazi yake ilikuwa kutunza silaha ghalani. Alikuwa mteja wangu. Kila Jumamosi alileta saa yake niipime na redio, ikichelewa hata dakika moja alinitazama kama nimemlaza njaa. Nilimpenda. Nilipomwomba anifundishe alifurahi mpaka akanipigia saluti.

Tulikwenda Jumapili asubuhi, watu wametoka kanisani, kwenye mchanga wa mto Nyamwamba chini ya Kilembe. Tukaweka kopo la kimbo juu ya jiwe, kingo ya mto nyuma yake. Wachimbaji wawili waliokuwa wakifua nguo zao wakaacha kufua, wakakaa kutazama. Wakuu, hao wafuaji ni wa muhimu. Wasingekuwepo, leo ningekuwa na vidole kumi.

Odong akajaza risasi, akaikoki. Ilikokika vizuri kabisa, kijiti kikiwa chini kwenye F kama nilivyoinunua. Kisha akanikabidhi.

"Afande," nikamuuliza, "hii F na hii S ni nini?"

Aliitazama. Baadaye nilipoikumbuka siku ile, nilikumbuka kwamba aliitazama muda mrefu kidogo. Kisha akawatazama wale wachimbaji.

"Wewe Wandera nazaliwa kambini, na bado nauliza hiyo? F ni funga. S ni shuti. Kwisha!"

"Afande, kwenye saa F ni fast, na S..."

"Hii hapana saa! Wewe nataka fundisha mimi bunduki?"

Wachimbaji wakacheka. Na mimi nikacheka, nikanyamaza.

Hebu tazameni jinsi ilivyoleta maana. F, funga. S, shuti. Kiswahili chetu cha kambini kilikuwa hivyo hivyo, amri nusu Kiswahili nusu Kiingereza ndani ya pumzi moja, na sisi tulikua humo. Haikutujia akilini kwamba fundi wa Ubelgiji aliyechonga herufi zile hakuwahi kusikia neno "funga" tangu azaliwe.

Kuna jambo la pili. Mtoto wa kambini hafundishwi kwamba afande anaweza kukosea. Anafundishwa kusimama wima. Ningekuwa mtoto wa mkulima wa Kitswamba labda ningebisha.

"Weka kwa S," akaamuru. Nikapandisha kijiti. "Shika mbili. Pumua. Shuti!"

Nikavuta. Haikulia. Nikavuta tena kwa nguvu. Kimya, na wachimbaji wakaanza kucheka upya.

"Risasi mzee hiyo," Odong akasema. "Nalala ndani. Leta."

Akaichukua, akajaribu kuivuta sehemu ya juu irudi nyuma itoe risasi. Ikagoma. Bila shaka iligoma, kijiti kilikuwa kimeifunga, lakini sisi tuliamini kijiti kimeifungua. Akasema ni kutu. Akanirudishia. "Wewe ndiyo fundi. Funga kwanza, halafu vuta pole pole."

Nikafunga. Yaani nikakishusha kijiti kwenye F.

Nikaishika kama ninavyoshika saa. Mkono wa kulia nyuma, kidole bado kipo kwenye triga, maana imefungwa, hofu ya nini? Mkono wa kushoto mbele, gumba na kidole cha shahada vimebana kwenye mdomo wa mtutu kama vinavyobana mfuniko. Nikainamisha jicho karibu, nione kutu iko wapi.

Ikalia.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu amevunja ubao. Jicho langu lilipona kwa sababu ambayo sijaijua mpaka leo. Nilitazama mkono nikaona kidole kimekuwa kifupi, na jambo la kwanza nililowaza ni kwamba nimedondosha kitu kidogo kwenye mchanga na itabidi nikitafute. Hilo ndilo wazo la fundi saa.

Maumivu yalikuja baadaye. Hofu ilikuja kabla yake. Sikuogopa kufa, wakuu, niliogopa njaa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijui kazi nyingine, na meza yangu ya kazi ilikuwa imevunjika. Nililia, tena kwa sauti, mbele ya wale wachimbaji.

Mmoja wao alichana shati lake lililolowa akanifunga. Odong akanibeba mgongoni mpaka barabarani, gari la mchanga likatupeleka hospitali ya Kilembe. Walinihudumia vizuri sana. Mfupa wa ncha ulikuwa umesagika, wakakata mpaka kiungo cha kwanza, wakashona vizuri hata mimi mwenye macho ya kazi sikupata kosa.

Polisi walikuja kuandika maelezo. Nikasema nilikuwa peke yangu. Nilijua askari haruhusiwi kumfundisha raia kupiga risasi mtoni Jumapili bila mkubwa wake kujua. Ile mistari miwili ya begani ndiyo iliyolisha wazazi wake. Wachimbaji nao wakasema hawakumwona askari yeyote. Jambo likaisha hapo.

Ninasema liliisha. Siku ya tatu Odong akaja wodini. Begani hakuna kitu, nyuzi tu zimebaki.

"Nini hiyo, afande?"

"Usiniite hiyo tena. Nimeambia mkubwa ukweli. Nasema mimi ndiyo naambia Wandera F ni funga. Na mimi nilikuwa hapana jua. Ile maandiko, mimi hapana jua kabisa."

Nilikasirika. Nilimwambia nimekwisha kumkinga, kwa nini akajichimbia shimo. Akasema hakuweza kulala. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanikaba tangu mchangani: kwa nini hukusema hujui siku ile ile?

Akachezea nyuzi za begani.

"Wewe naita mimi afande mbele ya watu," akasema. "Afande nasema namna gani sijui?"

Nimelifikiria jibu hilo kwa zaidi ya miaka hamsini na sijapata la kumlaumu. Papa Paluku alidhani kila mtu anajua. Mimi kule Bwera nilijifanya najua, kisha mtoni nikajifanya sijui kile nilichokijua. Odong alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Neno "sijui" lilipita mikononi mwa watu watatu na hakuna aliyelipokea.

Baada ya wiki chache walimwondoa jeshini. Alitakiwa arudi kwao, lakini hakutaka kurudi mikono mitupu. Asubuhi moja nikamkuta amekaa nje ya kibanda changu.

"Mkono yako nashika nini sasa?" akauliza.

Nikamwambia ukweli, haushiki chochote. Saa inaponyoka. Nimejaribu kidole cha kati, kinatetemeka.

Akaingia, akavuta kigoda, akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza yangu. "Weka hapa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yeye anashika, mimi nafungua. Wiki ya kwanza alivunja mhimili wa balansi wa saa ya mwalimu mmoja wa Kitswamba, na mwalimu yule alitutukana kwa Kiingereza safi. Lakini mtu wa ghala la silaha ana mikono mitulivu. Baada ya mwaka alikuwa anafungua mwenyewe. Baada ya mwaka na nusu wateja walikuwa wanamuulizia yeye.

Nilipopona nilikwenda Bwera kumuuliza Papa Paluku swali nililopaswa kumuuliza mwanzo. Fe ni nini?

Akanishangaa. "Fe? Ni moto, ndugu! Feu! Moto! Na sir, ni salama." Akacheka. Kisha akauona mkono wangu, akaacha kucheka, akashika rozari yake. "Lakini ulisema uko naelewa."

Nilisema, ndiyo. Kwa hiyo F ilikuwa ya kukimbia na S ya kutulia, kama saa. Kazi yangu mwenyewe ilikuwa imenipa jibu sahihi bure, nikalitupa mtoni.

Kwa wale waliofungua uzi huu wakitafuta sifa za bastola, nanyi nisiwanyime. Polisi walinirudishia pamoja na karipio. Risasi tano zilizobaki tulikwenda kuzimaliza mimi na Odong, mahali pale pale, safari hii bila watazamaji. Teke lake ni dogo, inaruka kidogo tu kiganjani. Inavuta kushoto. Hatua kumi nilipata kopo mara mbili kati ya tatu. Odong alirudi nyuma hatua ishirini akakosa zote mbili, akasema kwa umbali huo afadhali uwarushie wezi jiwe. Sikuhisi fahari wala hofu. Nilihisi nimemaliza kazi ya mteja msumbufu.

Ikarudi kwenye kopo la maziwa, ikakaa.

Kisha serikali ikabadilika. Mnaojua historia ya Uganda mnajua ninasema mwaka gani, na mnajua watu wa kwao Odong waliokuwa jeshini walipatwa na nini. Sitaki kuieleza. Wenzake aliokuwa nao kikosini walianza kupotea mmoja mmoja, na wake zao wakawa wanakuja dukani kuuza saa za waume zao. Odong alizitambua saa hizo moja moja. Hatukuzinunua, tuliwapa chochote tulichokuwa nacho na kuwarudishia.

Bastola ikawa hatari kuliko mwizi yeyote. Mwacholi aliyewahi kuwa jeshini, na silaha iko chini ya meza yake? Mchana mmoja tukafunga mlango, tukaifungua yote mpaka skrubu ya mwisho. Mto Nyamwamba ulikuwa umefurika, tukavitupa vipande kimoja kimoja daraja kwa daraja. Nilibakiza springi moja ndogo tu. Niliiweka kwenye nyundo ya kengele ya saa ya ukutani ya kanisa moja, na huenda mpaka leo inawaita watu kusali.

Wiki ile ile akaja askari. Mchana kweupe, dukani wateja wawili. Alikuwa na saa mkononi imesimama, akaitupa mezani. Odong akaishika, mimi nikaifungua. Yule askari hakuitazama saa, alimtazama Odong. Urefu wake, ule mgongo ulionyooka.

"Wewe mtu ya wapi?"

"Kitgum, afande," Odong akasema. Kudanganya kabila asingeweza, lilikuwa usoni na ulimini.

"Ulikuwa jeshi wewe."

Nikainua mkono wangu wa kushoto kabla sijajua nitasema nini. "Huyu ni kidole changu, afande. Mimi hapana kidole, yeye nashikia mimi saa. Uliza mtu yoyote."

Wateja wakaitikia. Askari akautazama mkono wangu, akacheka kidogo, lakini hakuondoka. Akaingiza mkono mfukoni akatoa risasi moja, akaisimamisha mezani mbele ya Odong, katikati ya vyombo vyetu.

"Hii iko ya bunduki gani?"

Wakuu, Odong alikuwa ametunza silaha miaka tisa. Risasi ile angeitambua kwa kuigusa gizani. Na nilimjua: alikuwa mtu ambaye mbele ya watazamaji hakuwahi kukubali kushindwa na swali la bunduki. Nikamwomba Mungu wangu na wa Papa Paluku.

Odong akaweka lenzi jichoni. Akaiokota ile risasi kwa kibano, kama kitu kigeni. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Alichukua muda wake. Kisha akairudisha mezani, imelala.

"Sijui, afande," akasema. "Mimi najua saa."

Askari alisubiri. Odong akarudi kwenye saa ya askari, akatoa vumbi lililoisimamisha, akakisogeza kijiti kutoka S kuelekea F kwa upana wa unywele, akaifunga, akaipuliza, akampa. Ilikuwa inatembea. Askari akaivaa, akachukua risasi yake, akatoka.

Jioni, wakati wa kufunga duka, ndipo Odong aliponishika ule mkono mfupi, akaukalisha kwenye kiganja chake muda mrefu, akalia. Mimi pia nililia.

Mwaka ule kama angekuwa na mistari yake begani, angekuwa kambini pamoja na wenzake waliopotea. Kidole changu kimoja, tena ncha yake tu. Nimeshakitafutia hesabu kwa kila njia na siwezi kusema nilipunjwa.

Miaka michache baadaye mambo yalinizidi nami, nikavuka kuja huku Mwanza na mke wangu, duka nikamwachia Odong. Alizeeka humo, akaja kurudi kwao akiwa na mvi. Amefariki kitandani kwake, watoto wamemzunguka, si zamani sana.

Binti yake ndiye aliyenipigia simu. Tulipomaliza pole akasema ana swali moja, watu msibani wamesema mengi. "Baba alituambia maisha yake yote alikuwa fundi saa. Ni kweli?"

Nikamwambia: mama, mambo mengine siyajui. Ila mkono uliotulia kama ule sijauona tena.

Hiyo ndiyo stori yangu, wakuu. Kijana mwenye duka, sikukatazi kununua bastola. Nakuomba tu siku utakayopewa kitu mkononi na kuulizwa kama umeelewa, na hujaelewa, useme hivyo hata kama soko zima linakutazama. Na mnaomjibu, mwenye ujuzi amwage ujuzi wake, namkaribisha kwa moyo wote.

Asiyejua naye asipite kimya. Aandike "sijui", nami nitampa like.